Haut-Lomami: Karteri isiyofaa inavyoua moteri kwenye barabara za Malemba-Nkulu

Kwa madereva wanaobeba samaki, mahindi na abiria kwenye barabara za wilaya ya Malemba-Nkulu, jimbo la Haut-Lomami, hatari kubwa kwa gari haionekani kila mara kupitia kioo cha mbele. Iko chini: jiwe lililofichwa na matope, kisiki kilichobaki katikati ya njia, au ule mgongo wa udongo unaosimama kati ya mifereji miwili ya magurudumu baada ya malori kupita. Gari likigonga hapo, karteri ni kati ya vyombo vya kwanza kuumia.

Karteri ni bakuli la chuma lililofungwa kwa boloti chini kabisa ya moteri. Kazi yake ni kushika mafuta ya moteri. Pompu inayanyonya kutoka humo kupitia bomba lenye kichujio, inayasukuma hadi kwenye kusine na sehemu nyingine zinazozunguka, kisha yanadondoka tena ndani ya bakuli. Moteri inayozunguka mara 2000 kwa dakika inazunguka zaidi ya mara 33 kwa kila sekunde. Kinachozuia chuma kusaga chuma katika mbio hizo ni utando mwembamba tu wa mafuta. Karteri ikipasuka na mafuta yakamwagika, utando huo unaisha ndani ya dakika chache. Kusine zinaungua, vilebrekeni inakwaruzika, na moteri inakwama.

Hapo ndipo hasara ndogo inageuka kuwa kubwa. Bei ya karteri ni sehemu ndogo sana ya bei ya moteri. Lakini Malemba-Nkulu si Lubumbashi, ambako mtu anaweza kuzunguka maduka ya piese asubuhi na kurudi garaji kabla ya saa sita. Piese nyingi zinatoka mbali: zinapita Lubumbashi au Kamina, zinapanda reli, lori au pikipiki, na pengine zinamalizia safari kwa mtumbwi juu ya Lualaba. Gari likilala wiki mbili njiani, samaki hawangoji, na mgonjwa anayepelekwa hospitali hangoji vilevile.

Kwa sababu hiyo kuchagua karteri si kazi ya kumwachia muuzaji peke yake. Karteri nzuri ni ile inayokubaliana na vitu vitatu kwa wakati mmoja: moteri yenyewe, shasi na ponti ya gari, na barabara ambayo gari linapita. Ikikubaliana na viwili na kukataa cha tatu, mwenye gari atalipa mara mbili.

Boloti kuingia si ushahidi

Kosa linalotokea kwa urahisi zaidi ni kuamini kwamba karteri inafaa kwa sababu matundu yake yanalingana na boloti za moteri. Fundi anaiinua, boloti zote zinaingia, silikoni inapakwa, mafuta yanamiminwa, gari linawaka. Kila mtu anafurahi. Lakini ndani hakuna aliyepima kama kichujio cha kunyonyea kiko karibu na sakafu ya bakuli au kiko juu sana, wala hakuna aliyepima kama kijiti cha kupimia mafuta bado kinasema ukweli.

Mfano mzuri ni Land Cruiser za mfululizo wa 70, magari ambayo yamekuwa mgongo wa usafiri katika maeneo mengi ya mashariki na kusini mwa Congo. Toyota ilizitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1984, na moteri ya mazutu iitwayo 1HZ, yenye silinda 6 na ukubwa wa lita 4.2, ilianza kufungwa ndani yake mwaka 1990. Kwa hiyo gari lililo imara na linalotembea hadi leo linaweza kuwa na umri wa miaka 30 au zaidi. Katika miaka hiyo yote limepita mikononi mwa mafundi wengi. Karteri iliyo chini yake leo huenda si ile iliyotoka nayo kiwandani.

Tena, gari lenyewe linaweza kuwa limebadilishwa moteri. Si ajabu kukuta Land Rover ya zamani inayotembea kwa moteri ya Toyota, au Hilux iliyovishwa moteri ya gari jingine. Mtu akienda dukani na kuomba tu karteri ya Land Rover au karteri ya Hilux, anaweza kupewa kitu kizuri kabisa ambacho hakina uhusiano na moteri aliyonayo. Hata moteri ya aina moja inaweza kuwa na karteri mbili tofauti. Kwenye baadhi ya Hilux, gari linalovutwa na magurudumu ya nyuma tu na lile la magurudumu manne hayatumii bakuli lenye umbo moja, kwa sababu lile la magurudumu manne lina ponti mbele inayohitaji nafasi yake.

Somo kutoka kwa magari ya nguvu ya Marekani

Tatizo hili si la Malemba-Nkulu peke yake. Nchini Marekani, wapenzi wa magari ya zamani yenye moteri kubwa wanaumiza kichwa kwa jambo hilohilo. Ni magari ya miaka ya 1960 na 1970 ambayo wengi huku wanayajua kwa filamu: Pontiac GTO ya mwaka 1964, Ford Mustang iliyotoka mwaka huohuo, Chevrolet Camaro, Dodge Charger. Wenye magari hayo wanayatengeneza upya, na mara nyingi wanayavisha moteri mpya zaidi. Hapo karteri inakuwa mtihani.

Moteri ndogo ya V8 ya Chevrolet iliyoanza mwaka 1955 inaonyesha wazi ugumu huo. Kwa nje, moteri ya mwaka 1970 na ile ya mwaka 1987 zinafanana kama ndugu. Lakini hadi mwaka 1979 kijiti cha kupimia mafuta kilikuwa upande wa kushoto, na kuanzia mwaka 1980 kikahamia kulia. Mwaka 1986 kiwanda kilibadilisha mpira wa kuzibia ulio nyuma ya vilebrekeni: uliokuwa wa vipande viwili ukawa wa kipande kimoja, na umbo la mwisho wa karteri likabadilika nao. Anayechukua karteri ya moteri ya mwaka 1987 na kuifunga kwenye moteri ya mwaka 1970 atapata mvujo ambao silikoni haitauzuia.

Kwa Ford shida ni mahali penye kina. Moteri yao ya V8 inayoitwa 302 ilifungwa kwenye magari mbalimbali: mengine yakiwa na karteri yenye kina mbele, mengine nyuma, na Mustang zilizoanza mwaka 1979 zikawa na karteri yenye sehemu mbili za kina. Sababu ni moja: kila shasi ina chuma kinachokatiza chini ya moteri, na bakuli lazima likikwepe. Wanaochukua moteri za kisasa kutoka kwenye pikapu za Chevrolet na kuziingiza ndani ya Camaro ya mwaka 1969 wanagundua kwamba karteri ya pikapu ina kina kirefu mno. Inagonga chuma cha shasi, au inaning'inia chini yake na kuwa kitu cha kwanza kukutana na barabara.

Kuna tena karteri za mashindano. Zinabeba mafuta mengi na zinapendeza kwa macho, lakini zimetengenezwa kwa barabara laini ya lami ambapo hakuna jiwe. Karteri yenye kina kirefu inasaidia moteri kutokosa mafuta, lakini inaiweka chini karibu na ardhi. Mwenye gari anayepita lami tu anaweza kuchagua kina. Anayepita Malemba-Nkulu lazima achague urefu kutoka ardhini kwanza, kisha atafute njia nyingine ya kulinda mafuta.

Afrika Mashariki iliona jambo hilo kwa macho. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye njia za vumbi, mawe na matope. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ya Marekani ilileta Mercury Comet 6 zenye moteri za V8. Mbili tu ndizo zilizofika mwisho. Mwaka uliofuata ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda wakiwa na Volvo PV544, gari dogo lenye silinda 4. Mpaka leo, gari linaloingia katika mashindano ya aina hiyo bila bamba la chuma chini ya karteri linahesabiwa kama limeshashindwa kabla ya kuondoka.

Namna ya kuchagua

Kwa mwenye gari wa Malemba-Nkulu, Mulongo, Bukama au Kabongo, hatua zifuatazo hazihitaji mashine ya gharama. Zinahitaji muda, mwanga na rula.

Kwanza, soma namba ya moteri. Imepigwa kwenye chuma cha moteri yenyewe, na inaanza na jina la aina yake, kama vile 1HZ, 3L au 5L. Safisha mahali hapo kwa brashi na mazutu hadi namba ionekane, uiandike kwenye karatasi au uipige picha kwa simu. Piese inaagizwa kwa namba hiyo pamoja na aina ya gari, si kwa aina ya gari peke yake. Ikiwezekana, tuma pia picha ya karteri ya zamani ikiwa imelala juu ya meza, iliyopigwa kutoka juu na kutoka ubavuni.

Pili, angalia kina kiko wapi: mbele, katikati au nyuma. Kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ponti ya mbele ni chuma kimoja kigumu kinachopanda na kushuka pamoja na magurudumu. Gari likianguka ndani ya shimo, ponti inapanda kuelekea moteri. Karteri ambayo ina nafasi nzuri gari likiwa limesimama garaji inaweza kukosa nafasi hiyo barabarani likiwa na mzigo. Kwa hiyo pima nafasi kati ya ponti na bakuli, kisha angalia vipande vya mpira vinavyozuia ponti isipande zaidi. Nafasi kati ya ponti na karteri lazima iwe kubwa kuliko safari ya ponti hadi kwenye mipira hiyo. Kama mipira imekatika au imeondolewa, irudishe kabla ya kununua kitu kingine.

Tatu, pima urefu kutoka ardhini. Weka ubao ulionyooka chini ya chuma kinachokatiza shasi na uone kama karteri inashuka chini ya ubao. Ikishuka, itakuwa ya kwanza kugonga. Karteri inayobaki juu ya chuma hicho inalindwa nacho.

Nne, pima umbali wa kichujio cha kunyonyea. Hiki ndicho kipimo kinachosahaulika na ndicho kinachoua moteri bila kelele. Kati ya kichujio na sakafu ya karteri inatakiwa kubaki nafasi ya milimita 6 hadi 10 hivi. Ikiwa ndogo zaidi, mafuta hayaingii kwa wingi unaohitajika. Ikiwa kubwa zaidi, pompu inavuta hewa gari linapopanda mlima au kuinama ndani ya mfereji. Njia ya kupima ni rahisi: weka donge la udongo laini wa mfinyanzi, au kipande cha bukari kigumu kilichofungwa ndani ya nailoni, kwenye mdomo wa kichujio. Inua karteri pamoja na mpira wake wa kuzibia, ibane kwa boloti chache, kisha ishushe. Unene uliobaki wa donge ndio nafasi iliyopo. Safisha kila kitu vizuri baada ya kipimo.

Tano, tazama ndani. Karteri nyingi zina kuta ndogo za chuma zinazozuia mafuta kukimbilia upande mmoja gari linapoinama. Kwenye barabara ambapo gurudumu moja linatembea ndani ya mfereji na jingine juu ya ukingo, kuta hizo si pambo. Bakuli lililotengenezwa kwa mkono kwa kuchomelea vipande vya bati bila kuta hizo linaweza kushika mafuta bila kuvuja, na bado likainyima moteri mafuta kila linapoinama.

Sita, chagua chuma kinachofaa. Karteri ya alumini ni nyepesi na inapoza mafuta vizuri, lakini ikigongwa na jiwe inapasuka, na kuichomelea kunataka vifaa ambavyo garaji nyingi za vijijini hazina. Karteri ya chuma cha kawaida inabonyea kabla ya kupasuka, na fundi mwenye nyundo na kifaa cha kuchomelea anaweza kuirudisha. Pale moteri inapokubali zote mbili, chuma ndicho rafiki wa Malemba-Nkulu.

Saba, kwa karteri iliyotumika, tafuta nyufa. Isafishe hadi ikauke, paka chaki nyeupe upande wa nje kwenye viungo na kuzunguka kizibo cha vidanje, kisha mimina petroli ya taa ndani na uiache usiku mzima mbali na moto. Asubuhi, popote penye ufa chaki itakuwa imeloa na kubadilika rangi. Jaribu pia nyuzi za tundu la kizibo. Kizibo kinachozunguka bila kukaza ni karteri iliyopasuka inayongoja siku yake.

Kufunga bila haraka

Karteri nzuri inaweza kuharibiwa siku ya kufungwa. Ukingo wake, pale unapokutana na moteri, lazima uwe umenyooka. Boloti zilizokazwa kupita kiasi miaka iliyopita zinavuta chuma na kuacha vilima vidogo kuzunguka kila tundu. Weka karteri juu ya kioo au meza iliyonyooka uone mwanga unapita wapi, kisha nyoosha kwa nyundo ndogo ukiwa umeweka kipande cha mbao ngumu chini yake.

Silikoni ni dawa, lakini dozi kubwa inageuka sumu. Inayobanwa kwenda ndani inakatika vipandevipande, inaelea katika mafuta na kwenda kukaa kwenye kichujio. Uzi mwembamba unatosha, na pale kiwanda kilipoweka mpira wa kuzibia, mpira huo ndio unaotumika. Boloti za karteri kwa kawaida ni ndogo, nyingi zikifungwa kwa ufunguo wa 10. Zikazwe kidogokidogo kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa kubadilishana pande, bila kuongeza bomba kwenye ufunguo.

Baada ya hapo, badilisha filtri na mimina kiasi kilichoandikwa kwa moteri hiyo. Moteri ya 1HZ, kwa mfano, inachukua karibu lita 9 hadi 10 pamoja na filtri. Zungusha moteri kwa demareri bila kuiwasha, hadi taa nyekundu ya mafuta izimike. Kisha iwashe, iache itembee polepole dakika chache, izime, ngoja dakika 10 na uangalie kijiti. Kama karteri si ya asili, alama za zamani kwenye kijiti huenda zinadanganya. Weka alama mpya kwa tupa pale mafuta yalipofika baada ya kumimina kiasi sahihi. Mafuta yakizidi, vilebrekeni inayapiga na kuyageuza povu, na povu halilindi kusine. Yakipungua, pompu inanyonya hewa. Mwisho wote ni mmoja.

Bamba la kinga, lakini kwa akili

Karteri ikishachaguliwa vizuri, inahitaji kinga. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 4 hadi 6, lililofungwa kwa boloti kwenye shasi, linaweza kupokea mapigo ambayo bakuli haliwezi kuyabeba. Makosa matatu yanaharibu kazi hiyo. La kwanza ni kulifunga bamba kwenye karteri yenyewe, maana pigo linapita moja kwa moja hadi kwenye boloti na kuing'oa. La pili ni kuliacha likigusana na karteri: lazima kubaki nafasi, ili bamba likibonyea lisilifikie bakuli. La tatu ni kulichomelea bila tundu la kufanyia vidanje na la kutolea matope. Matope yaliyokauka juu ya bamba yanafunika karteri kama blanketi na kuizuia kupoa.

Taa nyekundu ikiwaka

Njiani, uamuzi wa sekunde chache ndio unaookoa au kuua moteri. Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka gari likiwa linatembea, dereva anazima moteri papo hapo, hata kama yuko katikati ya matope, hata kama abiria wananung'unika, hata kama kijiji kinaonekana mbele. Mita 500 za kujaribu bahati zinaweza kugharimu moteri nzima.

Ufa mdogo unaweza kuzibwa kwa muda. Mahali pakaushwe na kusuguliwa hadi chuma kionekane, kisha ipakwe gundi ya chuma ya aina ya kuchanganya mirija miwili, na iachwe ikauke kabisa kabla ya kurudisha mafuta. Asiye na gundi anaweza kusugua mche wa sabuni ndani ya ufa. Sabuni inashika kwa muda mfupi tu, na joto la moteri linailegeza, kwa hiyo ni ya kufikia garaji iliyo karibu, na kila baada ya kilomita chache kijiti kinaangaliwa. Kuchomelea karteri ikiwa bado chini ya moteri, ikiwa na mafuta na mvuke wake, ni kuita moto.

Kuna hatari nyingine inayodanganya zaidi kuliko ufa: karteri iliyobonyea bila kuvuja. Hakuna tone chini, kijiti kinaonyesha mafuta yapo, na dereva anashukuru Mungu na kuendelea. Lakini sakafu ya bakuli imepanda na huenda imeziba mdomo wa kichujio. Mafuta yapo, ila hayafiki kwenye kusine. Kila pigo zito linalosikika chini ya moteri linataka mtu ainame na kuangalia, hata kama hakuna kilichomwagika.

Pikipiki nazo hazijasalimika

Sehemu kubwa ya safari za Malemba-Nkulu zinafanywa kwa pikipiki, na manseba, kama wanavyoitwa waendesha pikipiki wa huku Katanga, wana tatizo lao. Pikipiki nyingi ndogo hazina karteri ya kufunguliwa kando: mafuta yanakaa ndani ya mwili wa moteri wenyewe, ambao ni wa alumini, na kizibo cha vidanje kinatazama ardhi. Zinabeba karibu lita moja tu. Mafuta machache kiasi hicho yakianza kuvuja, hakuna muda wa kusubiri. Chuma kilichokunjwa na kufungwa chini ya moteri kwenye fremu, chenye nafasi ya hewa kupita, ni kinga ya bei nafuu kuliko moteri mpya.

Na mafuta machafu ya vidanje, yawe ya gari au ya pikipiki, si ya kumwaga kando ya mto. Lualaba inalisha samaki wanaouzwa hadi Kamina na Lubumbashi. Mafuta hayo yakiwekwa kwenye bidoni, mafundi wanaweza kuyatumia tena kwa kupaka mbao dhidi ya mchwa au minyororo ya mashine.

Kwa kawaida mvua zinaanza tena kati ya Septemba na Oktoba, na barabara za Haut-Lomami zinageuka matope kwa miezi inayofuata. Kiangazi ndio wakati wa kulala chini ya gari na tochi: kuangalia mabonyeo, kukaza kizibo, kupima nafasi ya ponti, na kuagiza kwa namba sahihi kile kinachokosekana, barabara zikiwa bado zinaruhusu piese kufika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari wa Malemba-Nkulu, ufa ni karteri, na ukuta ni moteri nzima.